Mwalimu wa Fizikia na Lango la Si

Betri zangu hakuwahi kuzirudisha. Naanza na hilo kwa sababu kila nikimtaja mtu huyu wanangu hunikatiza na kusema, "Mama, anza na betri," na mimi huanza nazo, maana bado zinaniuma. Zilikuwa mbili, kubwa, mpya, na nilizipata kwa kupanga foleni kwenye duka la kijiji tangu asubuhi hadi miguu ikafa ganzi. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa ambapo betri, sabuni na sukari vilikuwa vitu vya kusimuliana. Alikuja akaomba tochi yangu "aitazame kidogo." Nikampa. Ilirudi siku ya pili ikiwa nyepesi kama kopo tupu. Nilipomwuliza betri ziko wapi, alinijibu kwa upole kabisa kwamba ziko kazini.

Tulikuwa walimu wa sekondari moja upande wa Kamachumu, na nyumba zetu ziligawana ukuta mmoja. Mimi nilifundisha Kiswahili na Siasa. Yeye alifundisha Fizikia, na sote, kuanzia mkuu wa shule hadi mpishi wa bwalo, tulimwita hivyo hivyo, Mwalimu wa Fizikia. Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kama niliwahi kulitamka. Mtu akiwa amekuchosha kiasi kile, cheo chake kinatosha.

Kazi yenyewe iliyokula betri zangu ilikuwa mashine ya kujumlisha. Alikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, na humo ndimo alimoona kwamba umeme unaweza kufanya hesabu. Basi akaanza kuzungushia misumari nyaya za shaba alizozitoa kwenye redio mbovu, akakata vipande vya bati kutoka makopo ya siagi, na kila umeme ulipopita, msumari uligeuka kuwa sumaku ukalivuta bati, tak. Alasiri nzima, upande wa pili wa ukuta, tak, tak, tak. Mimi nasahihisha insha za kidato cha tatu, yeye anagonga. Nikigonga ukuta kumwambia atulie, na yeye aligonga ukuta kunijibu, akidhani namsalimia.

Alinieleza mashine hiyo mara nyingi kuliko nilivyoomba. Sisi, alisema, tuna tarakimu kumi kwa sababu tuna vidole kumi. Umeme hauna vidole. Umeme upo au haupo. Kwa hiyo una tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na ukifika mbili huna pa kuiandika, basi unaandika sifuri na kubeba moja, kama mtoto wa darasa la pili anavyofanya akifika kumi. Moja na moja, kwa hesabu yake, iliandikwa moja-sifuri, na hiyo ndiyo mbili. Nilipomwambia kwamba mbili niliyozaliwa nayo inanitosha, alichukua buni kutoka kwenye kikapu changu bila kuomba.

Nyumbani kwetu mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya neno lolote la maana. Yeye aliitumia kufundishia. Alibandua ganda la tunda moja, akanionyesha punje mbili zilizolaliana ndani. "Punje moja haijajaza ganda," alisema, "inabaki pale pale. Zikiwa mbili, ganda limejaa, unalihamisha kikapu cha pili." Nikakiri moyoni kwamba nimeelewa. Sikumwambia, maana angehamia kwangu kabisa. Kisha akazitafuna zote mbili, yangu na yake, akarudi kwenye misumari.

Alikuwa na msemo aliourudia hadi wanafunzi wakauandika kwenye madawati: "Mashine haina adabu, ndiyo maana haikosei." Maana yake ni kwamba mashine haiangalii ni nani ameingia, haimstahi mkubwa, haimwonei huruma aliyechoka. Inatazama kilicho mbele yake na kufuata sheria yake, basi. Binadamu, alisema, ana mambo mengi mno kichwani ya kumstahi huyu na yule, ndiyo maana hesabu zake huharibika.

Sasa mtu anayesema hivyo utamtegemea awe jeuri. Lakini hakuna mtu niliyemfahamu katika Kagera nzima aliyekuwa na adabu za kuudhi kama zake. Akikutana na bibi kizee njiani amebeba mkungu wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, alivua kofia, akashuka kwenye baiskeli, akaupakia mkungu, akamsindikiza hadi kibanjani kwake, kwenye migomba yake, hatua kwa hatua, huku darasa zima likimsubiri na mkuu wa shule akiangalia saa. Alikuwa Mlutheri, kiongozi wa kwaya, na bado akipita mbele ya parokia yetu alivua kofia. Nikamwuliza anamvulia nani. Akasema yeyote aliyemo.

Na jambo la pili, ambalo lilinitia wazimu kuliko betri. Mtu huyu wa sifuri na moja, wa ndiyo na hapana, hakuwahi kumjibu mtu ndiyo wala hapana. Utakuja ubatizo wa mwanangu? Tutaona. Akaja wa kwanza, na kuku mkononi. Chakula chako kimeiva? Kinaelekea. Je, umeoa? Hilo nalo lina mambo yake. Mkuu wa shule alimwuliza mbele ya kikao kama amesahihisha mitihani, akasema mitihani iko mahali pazuri. Nilikuwa nikitoka kuzungumza naye kichwa kinaniuma, kama mtu aliyepanda mlima wa Kamachumu kwa miguu akakuta ameacha ufunguo chini.

Betri zilipokwisha, zangu na za walimu wengine watatu, nilidhani tumepona. Kumbe sivyo. Akasema watu hawahitaji betri, na akaanza kujenga mashine yake kwa wanafunzi.

Hapo ndipo panapohitaji maelezo kidogo, mnivumilie. Kila mwanafunzi alikaa kwenye benchi lake. Kusimama ni moja, kuketi ni sifuri. Wawili wa mbele ndio namba zinazojumlishwa. Nyuma yao wanafunzi wengine walikuwa malango, na kila lango lilikuwa na sheria moja. Lango la Na lilisimama ikiwa tu wote wawili wa mbele wamesimama. Lango la Au lilisimama hata kama amesimama mmoja. Lango la Si lilikaa nyuma ya lango la Na na kufanya kinyume chake: aliye mbele yako akisimama, wewe keti, akiketi, wewe simama. Mwisho kabisa alikaa Na wa pili, aliyetazama Au na Si tu, akasimama kama wote wawili wamesimama.

Majibu yalisomwa kwa watu wawili. Na wa kwanza ndiye aliyebeba, wa mwisho ndiye aliyebaki. Moja na moja ikiletwa, wawili wa mbele wanasimama, Na anasimama, Au anasimama, Si anaketi kwa sababu Na amesimama, na wa mwisho anaketi kwa sababu Si ameketi. Anayebeba kasimama, anayebaki kaketi. Moja-sifuri. Mbili. Watu sita na mabenchi sita kwa hesabu ambayo mama yangu, asiyejua kusoma, aliifanya huku akimenya ndizi.

Lakini wanafunzi walipenda, hilo siwezi kulificha. Ijumaa alasiri, vipindi viwili vya mwisho, walikimbilia bwaloni. Wasichana waliokuwa hawafungui mdomo kwenye Siasa yangu walibishana naye nani aketi na nani asimame. Alikuwa ameshachora kwenye ubao mashine ya watu kumi na wawili iliyoweza kupokea na kile kilichobebwa kutoka pembeni, na akaapa kwamba ukiziunganisha za kutosha shule yote ingejumlisha namba za mamia. Nilimwuliza shule yote ikishajumlisha nani atapika. Akasema hilo nalo la kufikiriwa.

Katika mazoezi kulitokea kisa kimoja. Msichana wa kidato cha pili aliyekuwa lango la Si alimwona mlinzi wetu, mzee sana, anapita mlangoni. Akateremka kwenye benchi, akapiga magoti kumwamkia kama alivyofundishwa kwao. Wa mwisho akabaki anashangaa, asimame au aketi? Mwalimu wa Fizikia akasimamisha mashine. Akamwambia msichana kwamba pale kuna kusimama na kuketi tu. Kupiga magoti si moja wala si sifuri, mashine itamwelewaje? Msichana akasema lakini ni mzee. Basi akaweka sheria mpya: makalio yakitoka kwenye benchi, hata kwa magoti, umesimama. Wazee watasalimiwa hesabu ikiisha. Kisha yeye mwenyewe akatoka nje, akavua kofia, akamwomba mlinzi radhi kwa niaba ya msichana, wakakaa wakatafuna kahawa, na kipindi kikaishia hapo.

Vipindi hivyo viwili vya Ijumaa ndivyo vilivyoleta vita. Ilikuwa elimu ya kujitegemea, na mkuu wa shule alivitaka kwa ajili ya shamba la migomba. Simlaumu. Shamba lilikuwa limeota majani kama pori na bwalo lililitegemea. Mwalimu wa Fizikia akasema vijana watakaojua jambo hili ndio watakaotujengea mashine zetu wenyewe, na kama huko si kujitegemea basi hajui neno hilo lina maana gani. Ikaamuliwa ofisa elimu atakapotoka Bukoba kukagua shule aonyeshwe kinachofanyika Ijumaa, aamue yeye. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule hana raha. Alinijia ukutani, hakugonga, akasema kwa sauti ya chini kwamba vikiondoka vipindi vile hana tena sababu ya kuamka mapema.

Siku yenyewe msichana wa lango la Si aliamka na malaria. Asubuhi Mwalimu wa Fizikia alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. Nikasema hapana. Nikasema mimi ni mwalimu wa Siasa na nina miaka thelathini na miwili. Akasema sheria yangu ndiyo nyepesi kuliko zote. Nikasema hapana mara ya pili na ya tatu. Yeye, ambaye neno hilo hakuwahi kulitumia, naona hakulisikia pia. Saa nane nilikuwa nimekaa kwenye benchi la tano, nyuma ya kijana wa kidato cha tatu, natazama kisogo chake.

Ofisa alichelewa. Mwalimu wa Fizikia akaona tuifanye hesabu moja wakati tunasubiri, tupate joto. Moja na moja. Wawili wa mbele wakasimama, Na akasimama, Au akasimama. Mimi nikaketi. Nyuma yangu wa mwisho, msichana mtiifu sana, akaketi. Sahihi kabisa. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, mkuu wa shule akaingia na mgeni wake.

Nilimtambua kabla hajakivuka kizingiti. Mzee yule na baba yangu walikuwa wamekula kahawa pamoja, tunda moja, punje mbili, kila mmoja punje yake, udugu wa damu unaopita hata wa tumbo moja. Nilikua nikimwita tata, yaani baba. Alinipakata nikiwa mchanga. Sikuwaza. Magoti yangu yaliwaza peke yao. Niliteremka kwenye benchi, nikapiga magoti kwenye saruji ya bwalo, nikainamisha kichwa na kusema, kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu, "Waitu."

Nyuma yangu nikasikia benchi limelia. Yule msichana mtiifu alikuwa amesimama. Alifanya alivyofundishwa: Au amesimama, makalio ya Mwalimu wa Siasa yametoka kwenye benchi, basi simama. Hakukosea hata kidogo. Aliyebeba amesimama, na aliyebaki amesimama. Moja-moja.

Ofisa alikuwa mtu wa hesabu, kumbe. Alishaelezwa njiani jinsi ya kuisoma mashine. Akatazama wawili wa mbele, akatazama wawili wa majibu, akatabasamu.

"Mwalimu," alisema, "huku kwenu moja na moja ni tatu?"

Bwalo lote likaangua kicheko, hata mpishi. Mwalimu wa Fizikia alinitazama. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Sijui alitazama nini, uso wangu au magoti yangu au benchi tupu. Kisha akavua kofia.

"Kosa ni langu, waitu," akasema. "Sikuwapanga vizuri."

Nilipaswa kusema. Sentensi moja tu: tata, ni mimi. Ningeweza kuisema nikiwa pale pale chini. Lakini mkuu wa shule alikuwa anacheka, wanafunzi wangu walikuwa wananitazama, nikanyamaza. Mwalimu wa Fizikia akaomba airudie hesabu. Ofisa akatazama saa, akasema ana shule nyingine kabla ya jua kuzama. Alipokuwa anatoka alinishika bega na kusema nimelelewa vizuri. Nimesifiwa mara nyingi maishani, lakini sifa hiyo ndiyo peke yake iliyonichoma.

Vipindi vya Ijumaa vilikwenda kwenye migomba. Muhula uliofuata Mwalimu wa Fizikia alihamishiwa shule ya mbali, kusini kupita Biharamulo. Wiki zile za mwisho nilisubiri aniseme. Nilitaka aniseme. Nilipika ndizi na samaki nikampelekea, akashukuru, akarudisha sufuria imeoshwa. Nilijaribu kukiri mara mbili. Mara ya kwanza nilisema, "Mwalimu, siku ile bwaloni," akanikatiza kwa kuniuliza kama mvua itanyesha. Mara ya pili alikuwa juu ya lori, na godoro lake, na sanduku la misumari. Nikapaza sauti nikamwuliza kama amenikasirikia. Lori likaondoka, naye akapunga kofia, jambo ambalo laweza kuwa na maana yoyote. Hata siku ile, jamani, hata siku ile alishindwa kusema ndiyo au hapana.

Ukuta ulikuwa kimya baada ya hapo. Alihamia mwalimu wa Kilimo, mtu mstaarabu asiyeazima kitu. Nilimchukia bila sababu.

Miaka ilipita, ujamaa nao ukapita, nikastaafu, macho yakaanza kufifia. Nikaenda hospitali ya Rubya. Kwenye baraza la kusubiri mabenchi yalipangwa moja nyuma ya jingine kama bwaloni kwetu, na nafasi ilikuwa moja tu, nyuma ya mzee aliyeshika fimbo na kuweka kofia gotini. Nilikaa muda mzima nikitazama kisogo kile kabla sijajua ni cha nani. Nikamgusa bega.

Aligeuka taratibu, shingo na mabega kwa pamoja. Akasema, "Mwalimu wa Siasa," kana kwamba tuliachana jana ukutani. Tukaulizana habari za watoto na za miguu. Nikamwuliza betri zangu ziko wapi. Akasema zinafikiriwa. Nikamwuliza anakaa wapi siku hizi, akasema upande wa Muleba, mara nyingine. Nikahisi kichwa kinaanza kuuma kama zamani, na hapo nikaamua kwamba sitazeeka na jambo hili tumboni.

"Siku ile ya ofisa," nikasema, "ulijua kwamba ni mimi niliyeiharibu?"

Akageuka mbele. Akaizungusha kofia gotini. Akasema siku ile ilikuwa na mambo mengi. Karibu nichukue fimbo yake nimchape nayo.

Kabla sijamrudia swali, kukatokea minong'ono mwishoni mwa baraza. Mkubwa wa wilaya alikuwa amekuja kutazama wagonjwa, na waganga na watu wake nyuma. Mabenchi yote yakainuka. Mbele yangu mzee yule naye akaanza kusimama, na ilikuwa kazi: fimbo, kisha goti, kisha mkono kwenye ukuta, hadi akasimama wima, kofia kifuani. Na mimi nikaanza kujiinua.

Hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ile aliyoitumia bwaloni, "Mwalimu. Mimi nimesimama."

Nikaketi.

Baraza zima limesimama, bibi mmoja kaketi. Mkubwa alinipita karibu kabisa, akanitazama kwa mshangao, mmoja wa watu wake akakunja uso. Magoti yangu yalitaka kushuka. Nikayakamata kwa mikono yote miwili, nikatazama kisogo cha Mwalimu wa Fizikia, sikukiondolea macho.

Msafara ukapita. Watu wakakaa. Yeye akawa wa mwisho, akajishusha polepole, fimbo, mkono, goti, mpaka benchi likampokea. Naye alipoketi, mimi, kabla sijafikiri, nikasimama. Nikasimama peke yangu katikati ya wagonjwa waliokaa, sina mkubwa wa kumsimamia, na muuguzi akauliza bibi anatafuta nini.

Mbele yangu mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Akafuta macho kwa kofia, akageuka, shingo na mabega kwa pamoja, akanitazama nilivyosimama.

"Ndiyo," alisema. "Nilijua."